Mazoezi ya Sauti Ndani ya Gari, Kisaju

Kijana anayetaka kumwoa binti yangu alikamatwa na umati pale Kisaju, mchana kweupe, akishukiwa kuniteka nyara, na aliyemletea hayo yote ni mimi. Naona haya hata kusimulia, lakini video tayari imezunguka, heri mnisikie mwenyewe.

Niko na ugonjwa wa Parkinson, huu wa kutetemeka, na mwaka huu ulihamia kwenye sauti. Mimi nilijiona naongea kawaida, kumbe watu wanasikia mnong'ono. (Mke wangu aliniambia mara tatu, nikadhani ni masikio yake yamezeeka.) Ndugu zangu wakaamua kwamba siku ya ruracio, wazee wa kijana wakija kumposa binti yangu Wambui, mdogo wangu Njoroge atanisemea. Nikakataa. Baba wa msichana akiulizwa, anajibu kwa mdomo wake.

Ndiyo maana kila Jumanne naenda hospitali Kajiado kwa Akinyi, mtaalamu wa mazoezi ya sauti. Amenipa sentensi kumi, maneno ya kawaida ninayoyasema nyumbani, nizisome kwa nguvu mara mbili kila siku. "Mzee, fikiria unamwita mtu ng'ambo ya barabara," husema. "Ukiona ni kama unapiga kelele, hapo ndio sisi tunaanza kukusikia."

Jumanne hiyo Lemayian, huyo kijana, alijitolea kunirudisha Kitengela kwa gari lake. Kisaju akasimama anunue nyama, akafunga milango kwa rimoti (kwa mazoea tu), akaniacha ndani. Nikatazama saa, zoezi la pili lilikuwa bado. Ningengoja tufike nyumbani, lakini nilikuwa nimeapa sitachelewa hata siku moja, na vioo viko juu, nani atanisikia? Nikavuta pumzi hadi tumboni.

"Fungua mlango! Nataka kwenda nyumbani! Usinishike, naweza mwenyewe!"

Nilikuwa kwenye sentensi ya sita nilipoona gari limezungukwa. Mama muuza nyanya alikuwa amebandika uso kwenye kioo, akaniuliza kama anayeuliza babu yake, "Guka, ni nani amekufungia?" Nikamjibu niko sawa, nafanya mazoezi, lakini kwa kujibu tu hivi, bila kukumbuka kuvuta pumzi, sauti ilirudi mnong'ono na hakusikia neno. Nikatabasamu kumtuliza, na uso wangu siku hizi hautabasamu, umekaa kama umepigwa pasi. Mikono nayo ikazidi kutetemeka. Akawageukia wenzake akawaambia mzee amewekewa dawa.

Ndipo Lemayian akatokea na nyama yake, akabonyeza rimoti, taa za gari zikawaka, na kila mtu akajua mwenye gari ni nani. Watu wawili wa bodaboda wakamshika kola, nyama ikaanguka. Akasema ananipeleka nyumbani. Wakamuuliza naitwa nani.

"Baba Wambui."

"Jina la kitambulisho, wewe."

Maskini, hakulijua. Mtu akaokota jiwe.

Nikafungua mlango nikasema mwachilieni, hakuna aliyegeuka. Basi nikashikilia mlango, nikasimama wima, nikavuta pumzi, nikamwita mtu ng'ambo ya barabara.

"Mwachilieni! Huyo ni mkwe wangu!"

Soko zima likageuka. Jiwe likawekwa chini. Yule mama akaniomba msamaha, akanipa na nyanya juu yake, na Lemayian akanifunga mkanda kwa mikono iliyotetemeka kuliko yangu.

Furaha yangu iliisha jioni, video ilipoingia kwenye grupu ya familia na Njoroge akanipigia. "Kwa hivyo umempeana msichana barabarani, kabla wazee wao hawajabisha hata hodi? Sasa siku ya ruracio tutaongea nini?" Kwetu baba hamwiti mtu mkwe hadi wageni waseme kilichowaleta na msichana mwenyewe aulizwe, na mimi nilikuwa nimemwita hivyo mbele ya soko. (Lakini hakuna ndugu hata mmoja aliyelalamika kwamba hakusikia.)

Sitafanya tena zoezi ndani ya gari lililofungwa, hilo naapa, na Akinyi amenibadilishia sentensi tatu. Nazisoma zote kumi uani kila asubuhi na jioni, majirani wameshazoea. Ruracio ni Jumamosi hii. Ndugu zangu wamekaa mara mbili kuamua kama baba aliyejibu kabla ya kuulizwa anaweza kuulizwa tena, na hadi leo hawajaniambia ni nani atakayeongea.