Mtengeneza Mazimwi wa Mishomoroni

Ukipita mtaa wa Mishomoroni ukaona mtu amelala kibarazani, amelowa damu, na watoto wamemzunguka wanamlamba vidole, usipige mayowe. Huyo ni mwigizaji wa Kadenge Ruwa, na damu ile ni rangi ya ubuyu iliyopikwa na sukari mpaka ikashika. Mpishi wake ni Judy, mke wa Kadenge, ambaye hulalamika kwamba maiti wa mumewe huliwa kabla hawajapigwa picha.

Kadenge ametengeneza filamu nane za kutisha na hajatajirika kwa hata moja. Hilo halimkoseshi usingizi. Aliposhuka kutoka kijijini kwao akiwa kijana, alipata kibarua katika kibanda cha video huko Bombolulu, kazi yake kusema Kiswahili juu ya picha za kigeni. Kichina hakukijua, Kihindi hakukijua, basi akawa anatunga. Siku moja aliigeuza picha ya mapenzi ikawa ya mizimu, watazamaji wakatoka mbio wakaacha ndala zao. Hapo akajua riziki yake iko wapi.

Filamu iliyompa jina ni ile ya jini aliyepanga chumba Junda. Jini yule alilipa kodi kabla ya tarehe, kwa hivyo mwenye nyumba alikataa katakata kumfukuza, hata wapangaji wengine walipoanza kutoweka. Watu waliogopa huku wakicheka, na Kadenge hataki zaidi ya hayo.

Aliyekataa kuogopa alikuwa mmoja tu: Nyamvula, dada wa marehemu baba yake, shangazi aliyemlea. Alikuja kuishi nao mwaka jana. Alizitazama filamu zote nane akitafuna korosho, wala hakupepesa jicho.

"Huyu amejipaka unga," alikuwa akisema. "Na unga ulivyo ghali!"

Sababu ya kuja kwake ilijulikana nyumbani, ila haikutajwa. Kule kijijini mtoto wa jirani aliugua, na Mramba na nduguze, wana wa baba mkubwa wa Kadenge, wakaanza kunong'ona kwamba mvi za Nyamvula si za bure, ni mchawi; na kule mzee akishaitwa mchawi, huuawa. Dunia hii! Mtu akijaliwa umri, badala ya kupongezwa anaulizwa amemla nani. Nyuma ya manong'ono hayo lilikuwapo shamba la mikorosho ambalo Nyamvula alipewa na baba yake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na Mramba.

Basi Kadenge, kwa kutofikiri, akatunga filamu ya tisa, ya bibi mchawi mwenye nywele nyeupe. Akalikoroga kabisa.

"Shangazi!"

"Abee."

"Nimekupatia kazi. Wewe huhitaji hata unga, mvi unazo."

Nyamvula aliziweka chini korosho zake. "Niwe mchawi?"

"Ni mchezo tu, shangazi."

"Mwanangu, kule nyumbani simu wanazo. Wataniona, halafu watasema, si mnaona, hata Kadenge mwenyewe anajua."

Kadenge aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote hiyo alikuwa akiuza hofu, na hofu yenyewe imekaa sebuleni kwake, hajaiona. Alimwomba radhi, na filamu ile akaitupilia mbali. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini, ni nini hasa kinachotisha.

"Si kishindo," Nyamvula alisema. "Wanakuja mchana, wamevaa mashati masafi. Wanasema shikamoo. Wanakuuliza umelalaje. Mmoja anaomba maji ya kunywa, na wewe unampa, maana ulimbeba mgongoni."

Hiyo ndiyo ikawa filamu ya tisa, na Nyamvula akaicheza mwenyewe. Waliipiga jikoni kwa Judy, mchana kweupe, bila tone la ubuyu. Kadenge, kwa kuhofia usalama wa shangazi yake, alitaka kumpiga picha kwa nyuma ili asitambulikane. Nyamvula alikataa.

"Nimejificha mwaka mzima, sikufa wala sikuishi. Nipige usoni."

Tena akawa yeye ndiye mwenye kuelekeza. Fidel, kijana wa bara aliyeigiza mmoja wa wageni wale, alibisha hodi kwa makelele. "Polepole, mwanangu," Nyamvula alimwambia. "Niamkie kwa mapenzi. Hapo ndipo panapotisha."

Waliionyesha Jumapili baada ya kanisa, katika ukumbi mmoja pale Junda. Hakucheka mtu. Wageni wa kwenye filamu walipoamkia, mwanamume mmoja alipaza sauti kutoka viti vya nyuma, "Usiwafungulie, mama!" Kadenge alilia, na hakujali nani anamwona. Taa zilipowashwa, watu walipanga foleni kumpa Nyamvula mkono, naye akawapokea mmoja mmoja, bila haraka, kama mama wa bwana harusi.

Kipande kifupi cha filamu kikasambaa kwenye simu, kikafika mpaka kijijini. Haikupita wiki, Mramba akapiga simu. Kadenge alifungulia sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo, shangazi," sauti ya Mramba ilikuwa tamu kama asali. "Tumekuona. Huku watu wanatutazama vibaya, hata chifu ametuita. Rudi nyumbani tuyamalize."

"Marahaba." Nyamvula alijinyoosha kitini. "Shamba ni langu, nitarudi siku nitakayopenda, na nitakuja na Kadenge na kamera yake. Kwa sasa nina kazi mjini. Mkitaka kuniona, njooni Junda mlipe kiingilio kama watu wengine."