Karibu Mbali

Ukipiga hodi kwa msusi wa nyumba ya mwisho, usitegemee kukaribishwa ukaingia moja kwa moja. Yeye huitikia, "Karibu mbali!" Mwanzoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Karibu gani tena hiyo ya mbali? Jina likamganda. Siku hizi hata watoto wa jirani wanamwita Mama Karibu Mbali, naye anaitika bila kinyongo.

Neno hilo alilianzisha kwa ajili ya mama mkwe wake, mgonjwa wa pumu, anayelala chumba cha ndani. Maradhi yale ya kuambukizana kwa pumzi yalipoingia mtaani, daktari alisema waziwazi, "Yakimpata bibi huyu, kifua chake hakitayahimili." Tangu hapo msusi akawa kama mama mwenye mtoto anayetambaa karibu na jiko: mkono kazini, jicho kwa mtoto.

Lakini kichwa cha mtu hakisukwi kwa simu. Akifunga kazi, watalala njaa. Akifungua ovyo, atayabeba maradhi kwa miguu yake mwenyewe mpaka kitandani kwa mama. Basi kiti cha kusukia akakitoa barazani, upepo unapopita. Mteja huingia mmoja mmoja, barakoa ikiwa puani. Akiiona imeshuka husema, "Kidevu hakipumui, dada!" Vitana anaviosha kwa sabuni kabla ya kila kichwa. Chanjo wamechanja wote, yeye, mume na mama. Na siku koo likimwasha tu, kazi hakuna; hujitenga chumbani peke yake, na chakula anasogezewa mlangoni.

"Siogopi," husema. "Ningekuwa mwoga ningejifungia uvunguni. Mimi napima tu."

Kipimo chenyewe kilikuja siku wifi yake, dada wa mumewe, aliporudi safari. Wifi huyo ana moyo mweupe, ila mdomo wake hauna breki.

"Hodi!"

"Karibu mbali, wifi!"

"Acha utani wako. Nimemletea mama blanketi." Akakohoa kiganjani.

"Kikohozi hicho cha lini?"

"Vumbi la njiani tu."

"Basi vumbi likae nje. Mama utamsalimia dirishani."

Wifi akashika kiuno. "We mwanamke! Umeolewa juzi tu, leo unanizuia kwa mama aliyenizaa? Tumbo lile nililala mimi, si wewe!"

Majirani wakaanza kuchungulia. Msusi akasimama mlangoni. Alijua kabla jua halijazama ukoo mzima ungeambiwa kwamba mke wa kaka amemtenga mama na damu yake. Hata hivyo hakutoka mlangoni.

"Nichukie, wifi yangu," akasema taratibu. "Chuki yako nitaibembeleza itaisha. Mama akishikwa, nitambembeleza nani?"

Hapo dirisha likafunguka. Mama mkwe akatoa kichwa.

"Mwanangu, karibu mbali. Tena rudi nyuma kidogo, maana kikohozi hicho umekirithi kwa baba yako. Alikuwa akikohoa, kuku wanahama."

Watu wakaangua kicheko. Wifi naye akacheka, machozi yakimtoka. Msusi akamwekea kigoda uani, akamletea chai, akaiweka chini na kurudi nyuma. Mama na binti wakazungumza hivyo hivyo, mmoja dirishani, mwingine uani, mpaka chai ikapoa.

Kesho yake wifi alipima. Alikuwa nayo maradhi yale.

Alipougua kwake, aliyempelekea uji ni huyo huyo mke wa kaka. Alikuwa akiuweka kizingitini, anapiga hodi, anarudi nyuma hatua kadhaa, halafu anamsimulia habari za mtaa kwa sauti kubwa ili asijione ametupwa. Na mama kule nyumbani alikohoa kikohozi chake cha kila siku, basi.

Wifi alipopona na vipimo kuwa safi, akaja. Akasimama pale pale uani penye kigoda, mtu mzima mwenye haya kama bibi harusi.

"Hodi wenyewe! Leo ni karibu ipi?"

Msusi akaacha kichwa alichokuwa anasuka, akanawa mikono, akamfuata na kumshika mkono.

"Leo ni ile ya zamani, wifi. Ingia."

Ndani, mama alikuwa amekwisha kusogea ukutani, anapigapiga godoro kumwonyesha pa kukaa.