Damu ya Baba Nayo Ipimwe

Nakumbuka asubuhi moja kijijini Chundwa, mwanangu, nilipotandikiwa mkeka na kumiminiwa kahawa kabla hata sijaulizwa hali. Hapo nikajua nina jambo la kuombwa.

Nilikuwa daktari kijana, najifunza utafiti wa vinasaba vya uziwi. Zuhura, mke wa Athmani, alikuwa amezaa watoto wawili wasiosikia. Mama mkwe wake, Bi Maimuna, alitaka nipime damu ya Zuhura peke yake, niandike kwamba uziwi umetoka kwake, ili apewe talaka na watoto wabaki.

Nikasema damu ya Athmani nayo ipimwe. Bi Maimuna akacheka.

“Mwanangu Athmani husikia kuku wa jirani akitaga. Umpime nini?”

“Zuhura naye husikia, Bi. Na mimi nasikia vizuri unachotaka niandike.”

Kicheko kikakatika. “Basi shikani ndia yenu ya Mokowe, mrudi mlikotoka.”

Mwalimu wangu, msimamizi wa utafiti niliyekuja naye, alinivuta kando. Alikuwa mtu mwema, lakini aliogopa kukikosa kijiji kizima. Akanishauri nimpime Zuhura tu, mengine tuyaeleze baadaye. Nikamjibu kwamba majibu ya mzazi mmoja yatasomwa kama hukumu, na jina langu halitakuwa chini yake.

Zuhura alisimama mlangoni. Athmani ndiye aliyekunja mkono wa kanzu yake, akaunyoosha kwangu.

Majibu yalipotoka, wao wawili waliridhia Bi Maimuna naye asikie. Nikaeleza kwamba mtoto hupokea kinasaba hicho kwa mama na kwa baba. Mwenye kasoro ya upande mmoja husikia kama kawaida. Anayeirithi pande zote mbili hasikii. Zuhura alikuwa nayo. Athmani alikuwa nayo.

“Sasa tumwache nani, mama?” Athmani akauliza.

Bi Maimuna alijitanda buibui akatoka. Talaka haikuandikwa. Jamaa zake kadhaa walijitoa katika utafiti, shahada yangu ikachelewa, na sikujuta.

Mwanangu unayeingia maabara leo, watu unaowaheshimu watakuomba upime upande mmoja. Kataa kwa adabu, lakini kataa. Wakikufukuza, nenda, kalamu yako ikiwa mfukoni. Usikubali elimu yako imtoe mama kwa wanawe.

Mola akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wakubwa, na akuhifadhi na tamaa ya kumridhisha kila mtu. Amin.