Apondi wa Gita la Ridhimu

Niseme ukweli tangu mwanzo: nilitaka Apondi ashindwe. Mimi, Ojwang, nilikuwa mpiga besi wa bendi ya Ouko pale Busia kwa miaka tisa, na sikuona kwa nini mama wa samaki asimame kando yangu na gita la umeme. Siku hizo nilikuwa na kichwa kigumu kuliko sasa, na hata sasa si laini.

Apondi alitoka Osieko, ziwani. Alikuwa na meza ya kupara samaki nyuma ya ukumbi tulimokuwa tukipiga bugi, dansi ya mchana, kila Jumapili alasiri. Miaka mitatu alisikiliza muziki wetu wa benga kupitia ukuta huku kisu kikienda. Akajitengenezea gita la debe, nyuzi zake waya za breki za baiskeli, na tulipopiga ndani, yeye alipiga nje. Tulimcheka. Lakini kifundo cha mkono wake, jamani! Kilicheza peke yake, kiwiko kimetulia tuli, na ndivyo ridhimu ya benga inavyotaka. Anayepiga kwa kiwiko huchoka kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa pili.

Katikati ya miaka ya sabini mambo na Uganda yalichafuka, mpaka wa nchi ukafungwa. Lazarus, mpiga ridhimu wetu, alikuwa amekwenda Tororo kumzika shangazi yake, akakwama huko. Nasi Jumapili hiyo tulikuwa na bugi Malaba. Madereva wa malori walikuwa wamekaa pale wiki nzima, foleni huoni mwisho wake, na askari wenye bunduki wakipita huku na huku. Ouko akamwita Apondi.

"Mama, nakupa leo moja tu," akamwambia. "Ukishika klaimaksi mpaka mwisho, gita ni yako. Mkono ikikufa, nampa mpwa wangu Okeyo, wewe unarudi kwa samaki."

"Sawa, boss," akasema Apondi.

Klaimaksi ndiyo mwisho wa wimbo wa benga. Mwimbaji ananyamaza, magita yanakimbizana, watu wanatimua vumbi. Mwenye ridhimu hana pa kujificha. Akilegea yeye, sote tunaanguka.

Nyimbo fupi alizipiga bila kosa, nami nikaudhika. Kisha ukaja ule mrefu wa kufungia. Dakika ya nne mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Dakika ya sita alianza kuwatazama wachezaji uso kwa uso, kama aliyeahidiwa mgeni asiyefika. Hapo nikaelewa kosa lake.

Kwetu Wajaluo, klaimaksi haiendi mbali bila pakruok. Mtu huinua mkono, bendi ikanyamaza, akajisifu yeye na kwao mpaka aridhike, ndipo tunaendelea. Hakuna mpiga gita anayekataa mkono ulioinuliwa. Kila wimbo aliojifunza Apondi nyuma ya ule ukuta ulikuwa na mapumziko hayo ndani yake. Alidhani ndivyo wimbo ulivyo. Lakini Malaba ni kwa Wateso, na madereva walitoka Mombasa na Nairobi. Hakuna aliyekuwa na desturi hiyo. Walitaka kucheza tu, wautoe woga wa wiki nzima.

"Nani atasimamisha?" akaniuliza, meno yameshikana.

"Hapa hakuna mtu wa kusimamisha. Vumilia, mama."

Kidole gumba chake kilikuwa kinatetemeka. Kando ya ngoma, Okeyo alishaanza kufuta viganja vyake kwenye suruali. Nilipaswa kufurahi, lakini nilimwonea uchungu mpaka nikakosea noti mbili za besi.

Ndipo Apondi akauinua mkono wake mwenyewe.

Muziki ulikatika. Ouko alimkazia macho mekundu. Apondi akaivuta maikrofoni.

"Mimi ndiye Apondi, nyar Osieko, binti wa ziwani! Samaki ngege wakisikia jina langu, wanavua magamba wenyewe!"

Askari aliyekuwa mlangoni aligeuka kututazama. Nikasema moyoni, leo tumekwisha.

Mara mama mmoja akapanda juu ya benchi. Alikuwa Amuron, muuza ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija.

"Na mimi ni Amuron!" akapaza sauti. "Pombe yangu mtu anakunywa hapa Malaba, analewa ng'ambo Tororo, na border imefungwa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na askari naye akacheka. Dereva mmoja akainua mkono, kisha wa pili, kila mtu na sifa zake. Muda wote huo Apondi alikuwa akijikanda kifundo chini ya gita. Tuliporudi kwenye wimbo, aliufunga vizuri.

Ouko hakucheka. Tulipokuwa tukikunja waya alimwambia, "Leo umetuokoa na mdomo. Mimi natafuta mkono. Wiki hii nataka kusikia klaimaksi yote, bila kusimama."

Apondi aligeukia ukutani akalia, kisha akajifuta kwa leso.

Wiki nzima nilimsikia akipiga nyuma ya ukumbi wetu wa Busia. Jumamosi asubuhi nikamwendea. Alikuwa amefumba macho, gita la debe mapajani, akipiga klaimaksi, samaki mezani na magamba yao. Dakika sita. Nane. Ouko alikuwa ameegemea mlango, Okeyo kando yake, kofia mkononi. Nilitaka kumsaidia apumzike, au nilitaka kumjaribu, hata leo sijui. Nikauinua mkono juu kabisa.

"Simama hapo! Mimi ndiye Ojwang, besi yangu inatikisa mabati toka Mundika mpaka Khunyangu!"

Hakusimama. Nikajisifu mimi, nikamsifu baba, nikamsifu mama, nikafika kwa ng'ombe wa babu, maneno yakaniishia, naye bado anapiga. Okeyo akavaa kofia yake akaenda zake.