Nani Alimtaja Kitheka?

Kitengela yote ilimjua Nthenya kwa jina la Mama Katee, yule muuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, karibu na stendi. Shule hakuiona. Lakini mateso yake aliyajua yote: mwaka wa tisini na saba, alipokuwa kwao Masii akimuuguza mamake, mumewe Maweu aliuza shamba walilonunua pamoja. Mbele ya bodi ya ardhi kule Kajiado alisimama mwanamke, akaulizwa jina, akasema yeye ndiye Nthenya na amekubali shamba liuzwe. Nthenya aliporudi, nyumba ilikuwa imebomolewa, fundi mgeni anachimba msingi. Maweu hajaonekana hadi leo.

Miaka saba baadaye, wake walioporwa namna hiyo walikuwa wameongezeka. Wakaungana waende Kajiado kuomba kanuni moja tu: mke asikubaliwe mbele ya bodi mpaka majirani wawili wamtambue. Lakini walikuwa wachache, na sauti ya wachache haivuki mlango wa ofisi. Ikabidi watafute wenzao, na Nthenya akapewa kazi ya kuwachuja.

Kikundi cha kwanza alikikataa papo hapo, kwa sababu mlezi wake alikuwa broka, dalali wa mashamba.

"Ametuahidi gari na hema," Phylis, mwenyekiti, alilalamika.

"Fisi naye huahidi kuchunga mbuzi."

Cha pili kilitoka Rongai. Kilikuwa na wanawake wengi na kiongozi mwenye ulimi, Dolphine. Wote walimtaka. Siku ya kukubaliana, katika kanisa la mabati, Phylis akamshika Nthenya mkono.

"Dolphine, msalimie Mama Katee. Jina lake hasa ni Nthenya. Bibi ya Maweu."

Dolphine alikuwa amenyoosha mkono. Maneno yakamtoka kabla hajafikiri: "Binti ya Kitheka."

Nthenya hakuushika ule mkono. Hapo Kitengela, hata Phylis hakujua jina la babake.

"Kitheka umemtoa wapi?"

"Nimesikia tu, mama."

"Kwa nani? Mtaje!"

Dolphine akatazama mlango. Wanawake wawili walikuwa wamesimama hapo.

"Nilikaririshwa," alisema mwishowe. "Jina lako, la babako, la kwenu. Broka mmoja aliniambia umekufa, na watoto wanataka karo."

"Basi leo umemnyooshea maiti mkono."

Kelele zikalipuka. "Atoke!" "Apigwe!" Phylis akapiga meza. "Huyu hatuendi naye! Kikulacho ki nguoni mwako!"

Nthenya aliketi kwenye benchi. Mikono yake, iliyozoea sufuria za moto, ilitaka shingo ya Dolphine. Mwanamke ambaye yeye Nthenya alikuwa akimlaani kila asubuhi kwa miaka saba alikuwa na uso wa kawaida tu, na jasho juu ya mdomo.

"Phylis," aliuliza, "huko Kajiado tutasema nini?"

"Kwamba tuliibiwa."

"Watauliza, mlikuwepo? Kila mmoja wetu atasema hakuwepo. Hawa wa Rongai pia hawakuwepo." Akamwonyesha Dolphine kwa kidevu. "Huyu alikuwepo."

"Mama Katee, utakaa na huyu?"

"Sikai naye. Naenda naye." Akamgeukia. "Utasema ni nani alikufundisha, na ulisimama wapi?"

"Watanifunga."

"Mimi nilifungwa kitambo. Utasema?"

Dolphine alilia. Nthenya hakumbembeleza.

"Nitasema, dada."

"Usiniite dada."

Jumanne walifika Kajiado, wa Kitengela na wa Rongai pamoja. Katika ukumbi wa bodi Nthenya alichagua kiti nyuma ya Dolphine, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Karani akauliza nani ataanza. Dolphine akasimama, akageuka kumtazama Nthenya.

"Anza na jina langu," Nthenya alimwambia. "Mbele ya bodi hulikosei."