Minyoo wa Wifi Indu

Wifi yangu Indu, mjane wa kaka yangu Kashinath, alifariki mwaka jana mwezi wa Kartik, mvua zilipokwisha, akiwa kwa ndugu yake, kwenye zizi walikomlaza pamoja na ng'ombe. Mungu wetu Vithoba ampokee miguuni pake. Naandika mimi kwa sababu nilifika darasa la kumi, na hapa nyumbani hakuna mwingine atakayemwandika.

Kaka alipokufa, Indu alikuwa hajazaa. Mama akamwachia kona nyuma ya zizi letu. Pale alijenga matuta manne ya matofali chini ya paa la nyasi, akafuga minyoo. Samadi aliiacha ipoe siku kumi na tano, na kila asubuhi alizamisha mkono ndani yake hadi kiwiko kupima joto, kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akawatandikia minyoo wake samadi ile na vigogo vya mgomba, akawafunika magunia mabichi. Mbolea yake ilitoka nyeusi, chengachenga kama majani ya chai.

"Wenzako wanazaa watoto, wewe umezaa minyoo," Mama alimwambia mbele za wageni. Kijiji kizima kikamwita Mama Minyoo.

"Angalau wangu hawalii usiku, Mama," alijibu siku moja. Kwa jibu hilo alinyimwa chakula siku mbili.

Chama cha akina mama cha mji wa jirani kikasikia habari zake. Waliahidi kuja kukagua. Wakiridhika, wangempa chumba na kazi ya kufundisha vijiji vitano. Mama alikuwa ameshasema kwamba mvua zikiisha Indu arudi kwao, na huko kwao mke wa ndugu yake hakumtaka. Chumba kile ndicho kimbilio pekee alilobakiwa nalo.

Wageni walikuwa waje siku inayofuata Nag Panchami, sikukuu ya nyoka. Siku hiyo hatulimi wala hatuchimbi, tusije tukamjeruhi nyoka aliye ardhini. Nilikuwa nimefunga, nimetoka kuwamwagia nyoka maziwa kwenye kichuguu, mvua ikafunguka. Maji yakateremka kutoka shamba la juu moja kwa moja hadi kwenye matuta.

Indu akaja mlangoni, sari imemganda mwilini.

"Mangal, wifi yangu, nipe jembe. Mtaro wa hatua tatu tu, maji yapite pembeni."

"Leo?" Mama akadakia. "Umeshamla mwanangu, sasa unataka nyoka watumalize na sisi?"

"Mama, watakufa wote."

"Wafe. Si minyoo tu?"

Akanigeukia. "Wifi, wewe umesoma. Sema neno."

Nilisema. Nilimwambia kama ni riziki yake, Mungu atailinda. Kisha nikalisukuma jembe chini ya kitanda cha Mama, nikakaa juu ya kitanda.

Aliteka maji kwa sufuria hadi jioni. Hakuchimba hata kwa kidole, kwa kuheshimu mfungo wangu. Minyoo wakapanda kutafuta hewa, wakaelea weupe, kunguru wakashuka.

Kesho yake wale wanawake walifika wakaziba pua. Kiongozi wao akauliza, "Mfugaji gani asiyejua kuchimba mtaro?"

Indu alimtazama Mama, akanitazama mimi. "Ni uzembe wangu, dada."

Walipoondoka, Mama akamtupia nguo zake uani.

Mwaka huu, Nag Panchami, mvua ikafunguka tena. Safari hii maji yalianza kulamba ukuta wa udongo wa chumba cha Mama.

"Mangal! Leta jembe, nyumba inaanguka!"

"Leo ni Nag Panchami, Mama."

"Mungu anaelewa. Chimba!"

Nikachimba, nikiwa nimefunga. Hatua tatu zilitosha, maji yakapita pembeni. Katika udongo nilioutupa walikuwamo minyoo wa Indu waliosalia, wekundu, wanono. Mmoja nilikuwa nimemkata kwa jembe, na vipande vyote viwili vilijinyonganyonga.

Mama alichungulia kutoka mlangoni. "Ukimaliza, hao warushie kuku."

Nikawarushia.