Makofi Niliyopigiwa kwa Ajili ya Mifupa

Jamani, mimi nimewahi kupigiwa makofi na uwanja mzima kwa sababu ya mifupa yangu.

Ilikuwa Bariadi, enzi zile soko huria limepamba moto. Kila kona mnunuzi wa pamba, kila kona muuza dawa.

Siku hiyo ikaja gari ya kupima mifupa. Aliyeileta ni Keneth, mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimlea mwenyewe kule Nkololo, tangu hajui kufunga kifungo.

Wamama wakaogopa.

"Hiyo miale itatuunguza!" jirani yangu Domitila akasema.

Mpimaji, kijana mpole aitwaye Amoni, akacheka, akanigeukia na kuniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hii haina mionzi. Ni mawimbi ya sauti tu, kama ya kuangalia mimba. Weka kisigino, basi."

Nikaweka. Sikusikia hata mwasho.

Amoni akatazama kioo cha mashine, akamnong'oneza Keneth. Keneth akadaka kipaza sauti.

"Mnamwona mama mdogo? Mifupa chuma! Siri yake ni unga huu hapa wa kuimarisha mifupa, ninaouza!"

Unga? Sijawahi hata kuulamba! Nikajisemea, mbwembwe za biashara hizo. Ila ile "chuma" niliiamini.

Makofi yakapigwa. Makopo ya unga yakagombaniwa.

Nikarudi shamba na nguvu mpya. Mizigo ya pamba kichwani kama binti.

Msimu haujaisha, nikateleza mlangoni kwangu. Kuteleza tu, jamani.

Nyonga ikavunjika.

Hospitali nikakutana na nani? Amoni! Kumbe alishaachana na Keneth, yuko pale chumba cha eksirei. Aliponiona akaganda.

"Mayu, ulikuwa bado unabeba mizigo?"

"Si mlisema mifupa chuma?"

Akainama. "Siku ile wewe ndiye uliyekuwa na mifupa dhaifu kuliko wote. Nilimwambia Keneth uwahi hospitali. Akasema, 'Niachie, nitamweleza nyumbani.'"

Nililia. Si kwa maumivu.

Keneth akaja na soda. Nikamuuliza, "Kwa nini, mwanangu?"

"Mama mdogo, ningesema pale, nani angenunua? Halafu... nikakuona mzima tu."

Nikageukia ukutani mpaka akaondoka.

Leo natembelea gongo. Ndugu zangu, gari ya kupima ikija, nendeni. Haiumi, na mashine haikunidanganya. Ila jibu lako lipokee kwa aliyekupima, ulipeleke hospitali. Mwenye cha kuuza asikusomee, hata awe damu yako.